Huyo Analima

Ninyi mnaosubiri barua za ajira, mliokwisha kununua buti za mpira na kuzificha chini ya kitanda ili ndugu zenu wasiziazime, nisikilizeni kidogo. Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na minne. Nilikuwa afisa wa mifugo kwenye kata moja ya Tarime kwa misimu mitano ya mvua, kisha nikaacha mwenyewe nikaenda kulima. Mama yangu anasema nilifukuzwa. Mimi nasema nimestaafu, kwa sababu kila asubuhi naamka na mambo ya zamani kichwani na hakuna anayeniuliza.

Sitarudia mliyofundishwa darasani. Mnajua joto la mwili wa ng'ombe, mnajua matumbo yake manne, mnajua homa ya ndigana inavyoanza. Nataka kuwaeleza jinsi ya kugusa shingo ya maksai kabla hamjafungua boksi la chanjo.

Msimjie mbele kama mtu anayedai. Mjie ubavuni, upande wa kushoto, ukiongea chochote. Weka kiganja begani kwanza, kisha kipandishe taratibu mpaka mbele ya nundu. Ukikuta ngozi pale ni nene na ngumu, imekuwa kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, na manyoya yamelala au hayapo kabisa, simama. Ondoa mkono wako na ufikiri. Pale ndipo nira inapokaa. Mimi sikufikiri.

Nilizaliwa Mugumu, mtoto wa mwalimu. Ng'ombe wa nyumbani kwetu walikuwa kwenye kalenda. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mwikoma kabisa, akinisemesha Kiikoma nikiwa mdogo, nami nilipofika sekondari nikaanza kumjibu kwa Kiswahili ili wenzangu wasinicheke. Chuoni Morogoro nikawa yule mwanafunzi anayenyoosha mkono kila mhadhara. Kwa nini? Nani alipima? Walijuaje? Nilitoka huko na shahada na tabia hiyo hiyo, nikapangiwa kata iliyo kati ya vilima na bonde la mto Mara, mwendo wa pikipiki kutoka Kerende. Watu wakaniita Bwana Mifugo siku ya kwanza, kabla hata hawajajua jina langu, na mpaka naondoka wachache tu walilijua.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujaza daftari la kaya. Lilikuwa na safu mbili: mkulima, mfugaji. Uweke alama moja. Nilimkuta Bibi Wankuru akianika ulezi kwenye mkeka, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunyanyua uso. Nikamuuliza yeye ni mkulima au ni mfugaji.

"Unaona nini?" akauliza.

Nikamwambia naona ulezi, na naona zizi.

"Basi andika ulichoona."

Nikamweleza kwamba safu hairuhusu. Akaniuliza kama nilikuwa na mikono miwili au mmoja, na kama ni miwili, nilikuwa nalima kwa upi na kukamua kwa upi. Nikaweka alama kwa mfugaji, kwa sababu zizi lilikuwa karibu nami kuliko ulezi. Hivyo ndivyo takwimu zinavyozaliwa, vijana wangu, na mkizisoma kwenye vitabu mkumbuke mkeka ule.

Bibi Wankuru alikuwa mjane, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo, kama desturi ya Wakurya inavyoruhusu, alioa mke ili nyumba yake isizimike. Mke huyo aliitwa Ghati, mwanamke wa makamo mwenye watoto watatu, na watoto wale walikuwa wa nyumba ya Bibi. Mimi na usomi wangu nilimuuliza Ghati siku moja kama anaridhika na mpango huo. Alikuwa anakamua. Akaniuliza kama mimi nina mke. Nikasema sina. "Na kwenu hakuna aliyekuja kukuuliza kama unaridhika?" Akaendelea kukamua, nami nikaendelea kushika kamba ya ndama.

Kila jioni, jua likiwa bado halijagusa vilima, Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na zizi akawatazama maksai wake wawili wamelala, macho yamefumba nusu, taya zinazunguka. Alisema ng'ombe akila anakula tu, ila akicheua anaota. Nilimwambia kucheua ni kurudisha majani mdomoni ili yasagwe tena. Akasema ndiyo, na ndoto ni nini? Nilikaa pale nikaona moshi wa jikoni ukishuka badala ya kupanda, nikisikia harufu ya samadi na maziwa, na taya zile zikizunguka, nikasahau kwamba nilikuja kuhesabu.

Maana kuhesabu ndiko kulikotufanya tugombane. Tulikuwa tunajiandaa na chanjo, na agizo lilikuwa kila ng'ombe afike joshoni. Bibi alisema anao wawili. Jirani mmoja alinidokeza kwamba mwanamke yule ana ng'ombe wengine mbali, na nikamshukia Bibi. Nilimwambia kuficha mifugo ni kueneza ugonjwa. Nilitumia maneno makubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wawili.

Siku ya chanjo ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Ng'ombe walitokea humo mmoja mmoja, kwanza pembe, kisha pua, kisha kengele. Tuliwapitisha kwenye kichochoro cha magogo, mimi nikiwa juu nimesimama na bomba la sindano, nadunga shingoni mbele ya nundu, maana shingo ndiyo niliyoweza kuifikia. Nilikuwa mwepesi siku ile. Nilijiona kama mtu anayesaini barua nyingi.

Bibi Wankuru alifika na maksai wake. Wa kwanza alipoingia, mkono wangu ukiwa umekwisha kunyanyuka, Bibi akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemtambulisha mgeni:

"Huyo analima."

Nikamjibu, "Bibi, sindano haichagui kazi."

Watu walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Nikadunga. Na wa pili nikadunga. Nilidunga maksai wote wa kijiji kile, siku moja, mahali pamoja.

Mvua ilikuja siku ya nne baada ya chanjo, mapema kuliko watu walivyotegemea. Mvua ya kwanza kule haina kelele nyingi. Unaamka unakuta harufu imebadilika, na watu wameshatoka, kila mmoja kabeba kitu: nira, mnyororo, plau begani. Wanalima kwa kusaidiana, kikundi wanachokiita risaga, leo kwako, kesho kwangu, na aliye wa kwanza kwenye zamu huwa anapika. Zamu ya kwanza msimu ule ilikuwa ya Bibi Wankuru, na kulikuwa na sababu.

Shamba lake la zamani lilikuwa upande ulioharibiwa na mashimo ya kutafuta dhahabu. Hakuna plau inayopita pale tena. Alibaki anaomba. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, Mzee Mwita, alikuwa na shamba la ukoo bondeni. Alikubali kumpa kwa sharti moja mbele ya watu: likilimwa mvua ya kwanza kabla ya siku ya gulio, ni lake na la nyumba yake. Lisipolimwa, atalichukua, maana wageni waliofuata dhahabu walikuwa wanalitaka walime nyanya, na ardhi ya ukoo ikilala wazi huleta ugomvi. Mzee Mwita hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba wa kiume.

Asubuhi ile nilifika nikiwa na buti safi, nikitaka kuona. Nikakuta watu wamesimama kuzunguka maksai wa Bibi. Mtu mmoja aliinua nira kuiweka, maksai akarudi nyuma akapiga magoti. Wakajaribu tena. Akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa ng'ombe mwingine, kama mlango wa mbao. Nikasogea, nikaweka mkono mbele ya nundu. Kulikuwa na uvimbe ukubwa wa yai la bata, moto.

Wakaleta maksai wa jirani. Uvimbe. Wakaleta wa nyumba ya tatu. Uvimbe. Kijiji kizima, mahali pamoja.

Mpaka leo sijui kama ni chanjo, au sindano zangu nilizobadilisha kwa uchache, au ngozi ile ilivyo ngumu. Msimu uliofuata nilidunga nyuma ya bega, na wengine walivimba hivyo hivyo, ila nyuma ya bega hakukai nira. Vitabu vyangu vyote vilimwongelea ng'ombe kama nyama na maziwa. Aliyefundisha plau alikuwa jengo jingine, ng'ambo ya kiwanja, na nilimpita kila siku nikienda kula.

Mnaweza kudhani walinipiga. Walinitania, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja alisema tumfunge nira Bwana Mifugo, shingo yake haijavimba. Mwingine akasema haitafaa, huyu amezoea kurudi nyuma. Mzee Mwita hakucheka. Alimwambia shemeji yake kwamba neno lake liko pale pale, na gulio ni baada ya siku nne.

Bibi Wankuru akanigeukia. "Wewe ulisomea nini?"

"Mifugo, Bibi."

"Na shamba alisomea nani?"

Nikasema mwenzangu, yuko ofisini, Bomani.

"Mkikutana," akasema, "mwamkie kwa niaba yangu."

Siku iliyofuata nilichukua jembe la mkono nikaenda bondeni peke yangu. Ilikuwa ni ujinga wa aina ya heshima. Hadi saa sita nilikuwa nimelima sehemu ya kulala mbuzi wawili na viganja vimechubuka. Ghati akaja akasimama pembeni, akatazama kazi yangu kwa muda, akasema Bibi ananiita.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Aliwatazama maksai wake wanavyocheua huku shingo zimevimba. Kisha akasema anataka nimsindikize Ghati alfajiri, ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti, kwa rafiki yake. Tulete maksai wawili. Nilimuuliza maksai wa nani. Akanitazama kama mtu anayefungua sanduku mbele ya mwizi.

"Wangu," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wa kule hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Unamwekea rafiki wa mbali wachache. Yeye anakunywa maziwa, analima nao, na ugonjwa au wezi wakija kwako, humaliziki. Kwa mjane kulikuwa na jingine. Ng'ombe walioonekana, shemeji angeweza kuwatolea hoja kwamba ni mali ya kaka yake. Waliokuwa mbali walikuwa wa watoto wa Ghati, mahari yao ya kesho. Akileta wawili ili aokoe shamba, Mzee Mwita ataanza kuuliza: kama wako wawili, kwa nini wasiwepo kumi? Alikuwa anachagua kati ya shamba na siri, na aliyemleta kwenye uchaguzi huo ni mimi.

Tuliondoka ukungu ukiwa mzito. Njia yote naikumbuka kama kitu nilichoota. Ghati mbele, fimbo begani. Daraja likatokea, likapotea. Upande wa pili majani yalikuwa marefu na mekundu kwenye ncha, na kuna wakati tulipita karibu na kundi la pundamilia waliosimama wakitutazama kama watu waliosahau walichotaka kusema. Niliona tu buti zangu zikienda.

Kwa rafiki wa Bibi tulifika ng'ombe wakiletwa mtoni kunywa. Alikuwa mzee Mwikoma, mchangamfu, mlegevu wa hatua. Akaita maksai wawili, wakajitenga na kundi wakaja. Ghati naye akaingia katikati ya kundi akaanza kuwaamkia ng'ombe wengine, mmoja baada ya mwingine, kwa majina, akiwagusa pua. Na mimi, kwa mazoea mabaya ya kazi yangu, midomo ikawa inahesabu. Nilipotazama, Ghati alikuwa ananitazama midomo.

Tuliporudi, katikati ya njia, aliniuliza, "Umeona wangapi?"

Nikahamishia kamba mkono wa pili. Chuoni niliwahi kusimama darasani nikabishana saa nzima kwamba uongo mdogo kwenye data ni uongo. Nilishinda mdahalo ule. Ghati hakuuliza tena, akaanza kutembea haraka kidogo.

Kesho yake, siku moja kabla ya gulio, risaga yote ilikuwa bondeni. Wakafunga nira. Shingo safi, nira ikakaa kama kofia. Mshika plau akapiga kelele ya kuanza. Maksai wakasimama. Akapiga mluzi, akachapa hewa, akawatukana mababu zao. Wakaanza kucheua.

"Hawa ni viziwi?" mtu akauliza.

Hawakuwa viziwi. Maisha yao yote walikuwa wamelima kwa Waikoma, na hawakujua Kikurya hata neno moja.

Nilisimama pale na matope mpaka magotini, na nikasikia mdomo wangu ukitoa maneno ambayo bibi yangu alikuwa akiwaambia ng'ombe wa jirani yetu nikiwa na miaka sita. Nendeni. Taratibu. Geuka, baba, geuka. Sikujua kwamba bado yamo. Masikio ya wale maksai yakageuka kwangu kwanza, kisha vichwa, kisha mnyororo ukakaza na udongo ukafunguka.

Bonde zima lilicheka. Walisema ng'ombe wamekuja na mkalimani wao, tena wa serikali. Nilitembea mbele siku nzima, kamba mkononi, nikisema na ng'ombe kwa lugha niliyoionea aibu, na nyuma yangu udongo mweusi ulikuwa unalala upande kama ukurasa. Vijana wangu, sijui kama kazi ina utamu. Huwa nashuku watu wanaosema hivyo. Ila niliona jasho la maksai likitoa mvuke mvua nyepesi ilipoanza, Bibi akitembea nyuma ya plau akimwaga mbegu kwa mkono, na kwa muda fulani sikuwa na swali lolote. Nililitafuta, sikulipata.

Mstari wa mwisho ulikwisha jua likiwa bado juu ya vilima. Tulifungua nira. Mzee Mwita alitembea akauzunguka mpaka wote wa shamba, kwa miguu, polepole, akarudi. Akamwambia shemeji yake kwamba neno lake ni neno: shamba ni la nyumba yake. Watu wakashusha pumzi. Kisha akakaa kwenye jiwe, akawatazama wale maksai kwa muda mrefu, akaniita.

"Bwana Mifugo. Wewe ndiye uliyekwenda huko. Na wewe ndiye mwenye daftari. Umeona wangapi?"

Ghati alikuwa anakunja gunia la mbegu. Mikono yake ikasimama. Bibi Wankuru alikuwa anasugua matope kwenye nira, akaendelea kusugua.

"Wawili," nikasema.

Mzee Mwita alinitazama. Nadhani alijua. Alikuwa mkulima na mfugaji kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na hakuna anayeweka maksai wawili peke yao ng'ambo ya mto. Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Ndivyo nilivyoandika daftarini, na ndivyo mtakavyokuta mkipangiwa kule. Wale wengine hawakukosa chanjo. Chupa ikishachanganywa, kinachobaki jioni humwagwa. Kiangazi kile, kilichobaki kwangu hakikumwagwa. Nilivuka nacho mto, nikadunga nyuma ya bega, na kila mmoja nilimgusa shingo kwanza. Leo naweza kuwaambia kwa sababu walishatoka kwa mahari ya kijana wa Ghati, na siri haina mwenyewe tena. Kama nilikosea, nimekosea. Bado najiuliza, hasa nikiwa nimekaa karibu na zizi langu jioni.

Lakini siku ile bondeni haikuishia hapo. Tulikuwa tumekaa kwenye majani, maksai wamelala, taya zinazunguka, macho nusu. Mimi nilikuwa na matope hadi kwenye nywele na kamba bado mkononi. Akatokea mtu barabarani, mmoja wa wale wageni wa dhahabu, anaongea Kiswahili cha mbali. Mbuzi wake alikuwa anavimba tumbo. Aliamkia, akasema ameambiwa Bwana Mifugo yuko hapa, na akatutazama sote, mmoja mmoja, asimwone.

Mtu mmoja akaninyooshea kidole. Yule mgeni akanitazama, akasita, akamwuliza Bibi kama ni kweli ndiye huyu.

Bibi Wankuru hakunyanyua uso kutoka kwenye nira.

"Mwache apumzike kwanza," akasema. "Huyo analima."